Naomba ushauri: banda la kinyonga kwa hali ya hewa ya Dodoma

Habari zenu wapendwa. Nipo Ipagala, Dodoma, na nataka kumjengea kinyonga wa binti yangu banda linalomfaa. Kibali cha kumfuga tunakifuatilia maliasili. Fundi seremala ananishawishi tuweke vioo. Nimekataa, maana kinyonga anahitaji hewa inayopita, na kioo kwenye jua letu hili kinaweza kumuua kwa joto. Nafikiria fremu ya mbao yenye wavu wa madirishani, kimo mita 1.2 na upana sentimita 60, kwa kuwa yeye ni mnyama wa kupanda juu.

Kinachoninyima usingizi ni maji. Kinyonga kwa kawaida hanywi kwenye bakuli, analamba matone kwenye majani, na kwa upepo huu mkavu wa kiangazi nikinyunyiza asubuhi, saa nne majani yameshakauka kabisa. Je, chupa ya dripu inayodondosha polepole itatosha? Na baridi ya usiku wa Juni na Julai, nimwingize ndani au nifunike banda kwa turubai? Chakula si shida, panzi wapo.

Mwenye uzoefu, hasa wa huku Dodoma au Singida, tafadhali anielekeze. Nipo tayari hata kuja kuliona banda lako.