Gari lisizidi miaka minane: sheria hii yamlinda nani?

Mwenye swali, Kisauni

Jamani, naleta hili hapa kwa sababu mimi na mke wangu tumebishana mpaka majirani wamejua mshahara wangu. Sheria ya Kenya haikubali kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka huu wa 2026 ni la 2019 kuja mbele. La 2018 mlango ulifungwa 31 Desemba iliyopita.

Mimi nasema sheria hii haijamzuia mtu wa kipato changu kuendesha gari kuukuu. Inamlazimisha anunue kuukuu la hapa hapa, lililokwisha pita mikono minne, kwa bei ya kuchekesha. Wiki jana nimekwenda Bombolulu, hapa hapa Mombasa, kutazama Demio ya 2007, gari dogo la Mazda. Mwenyewe ataka laki nne na nusu. Kilomita zasoma 98,000, lakini mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma chang'aa. Kilomita 98,000 hazili pedali namna ile. Kiti cha dereva kimevikwa leso, na chini ya zulia la buti mna unyevu.

Na kila nikipita Changamwe napishana na magari ya transiti, karatasi zimebandikwa viooni, yaenda Uganda. Kule wanakubali mpaka miaka 15. Yanashuka bandari yetu, yapita barabara yetu, nasi tunayapungia mkono tu. Je, sheria hii ibaki au iondolewe?

Kliaringi, Shimanzi

Ndugu yangu, mimi kazi yangu ni kutoa magari bandarini, na nakwambia umri unasingiziwa. Kinachokuumiza ni ushuru. Hebu tuchukue gari dogo, injini haizidi 1500cc, ambalo KRA, watoza ushuru wa serikali, wamelitia thamani ya shilingi 500,000. Ushuru wa forodha asilimia 35: 175,000. Juu ya jumla hiyo weka ushuru wa bidhaa asilimia 20: 135,000. Juu ya yote hayo VAT asilimia 16: 129,600. Umeshafika 439,600, na hapo sijagusa ada ya reli, ada ya bandari wala jasho langu.

Na uangalie neno nililosema, thamani waliyoitia KRA. Hata shemeji yako akikununulia Japani akakupa zawadi, utatozwa kwa hesabu yao, risiti yako weka mfukoni. Gari kuukuu hupunguziwa thamani zaidi, ndiyo maana kila mtu hukimbilia mwaka ule wa mwisho unaoruhusiwa, na bei yake kule Japani yapanda kwa ajili yetu sisi wenyewe. Mkisogeza mpaka miaka 15, mkimbio utahamia mwaka wa 15.

Mzee, Mikindani

Wanangu, mimi nataka sheria ibaki. Mnaona gari, mimi naona chuma kitakachokufa hapa. Wenzetu wakishalichoka wanatuletea, nasi hatuna pa kulipeleka. Piteni magereji ya Magongo mtazame mifupa iliyolala nje, mingine imeota majani. Umri ukifunguliwa, mifupa hiyo itazidi maradufu.

Mwenye swali, Kisauni

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali, lakini hiyo Demio ya miaka 19 nayo itafia wapi? Itafia Kisauni, mlangoni pangu. Sheria yatazama siku ya kuingia tu. Gari likishaingia hakuna anayeliuliza umri.

Fundi, Changamwe

Wote mwazungumza kama wanunuzi. Mimi ndiye ninayelala chini yake.

Sisemi gari jipya ni baya. Lakini haya ya juzi mengi yana gia za CVT, zile za mkanda, na mengine ni haibridi. Mtu anakopa, ananunua, baada ya mwaka anakwenda kwa fundi wa barabarani, anatiwa oili ya gia ya kawaida kwa sababu ile yenyewe ni ghali. Miezi michache mbele gari lanung'unika likipanda mlima, halafu halipandi kabisa. Hapo mie siwezi kukusaidia kwa spana. Utatafuta gia nzima, na pesa hiyo ni ya kodi ya nyumba ya miezi.

Corolla ya zamani yenye gia za kawaida, hata kijana wangu wa miaka kumi na saba aifungua na kuifunga. Spea zimejaa. Kwa hiyo huyu wa Kisauni hakukosea kutamani la zamani. Alikosea kulitamani bila kuliinua. Hapa pwani gari huoza kuanzia chini, chumvi ya bahari haina mchezo, na mengine huja na kutu yao kutoka sehemu za Japani zinazomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji. Rangi juu yawaka, chini ni biskuti. Usinunue gari hukuliona tumbo.

Mama wa mahamri, Likoni

Asalaam aleikum. Mmezungumza injini, forodha na theluji. Hakuna aliyezungumza sufuria.

Mume wangu alikopa laki sita kwenye sako, asilimia moja kwa mwezi, miaka minne. Makato yake ni 15,800 kila mwezi. Bima walitaka ile kubwa, sio ya thadi pati inayomlipa mtu wa nje tu, ikigawanywa kwa mwezi ni kama elfu tatu na mia mbili. Mafuta elfu tisa. Ukijumlisha ni 28,000 kabla ya kuegesha mjini na kabla ya huyo fundi. Zamani alikuwa akivuka feri kwa miguu, bure, akipanda matatu ng'ambo. Mwezi mzima nauli haikufika elfu nne.

Sasa siku moja nilipanda naye. Foleni ya feri, saa nzima. Injini yanguruma, kiyoyozi chapuliza, yeye aketi kama waziri. Mimi nahesabu. Lita moja ni zaidi ya mahamri 15 ya shilingi kumi kumi. Nikamwambia, baba, zima hii kitu, tunachoma mahamri. Akanambia nitashuka jasho. Nikamwambia hata yule anayekanda saa tisa usiku hushuka jasho.

Kwa hivyo mimi sheria ya miaka 8 hainihusu, wala ya 15. Gari la mfanyakazi wa mshahara mmoja ni mke wa pili, na nadhani mnajua matumizi yake.

Kliaringi, Shimanzi

Dada umetumaliza. Lakini mngepitia Dongo Kundu, barabara ya kuikwepa feri, foleni ingeisha.

Mama wa mahamri, Likoni

Kaka, kuzunguka mpaka Dongo Kundu ndiyo mafuta hayaliki?

Mwenye swali, Kisauni

Dada, hesabu yako sina jibu lake. Langu mimi ni mtoto. Ana pumu, na saa nane usiku tuktuk hujui itapatikana ama la. Mara mbili nimembeba mpaka barabarani nikisimamisha watu nisiowajua. Hiyo haimo kwenye daftari la nauli. Na serikali nayo yamhesabu kila mwenye gari kuwa tajiri. Mwaka 2024 walitaka kutukata kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue shilingi 5,000, mpaka kelele zilipozidi wakaiondoa. Mwenye Demio na mwenye V8 tungewekwa kapu moja.

Mama wa mahamri, Likoni

Hilo la mtoto ungelisema mwanzo. Allah amponye. Lakini basi nunua kwa pesa uliyonayo, mkopo usiuguse. Na usiingie yadi za kuuza magari, watakupa la mkopo ukiwa hujui umeshasaini.

Mzee, Mikindani

Na mwanangu, uende na fundi.

Mwenye swali, Kisauni

Nimekwenda naye, huyu huyu wa Changamwe, Jumapili baada ya adhuhuri. Aliingia chini na bisibisi, akagonga gonga, tukasikia mlio wa bati, halafu mlio ukanyamaza. Bisibisi ilitokea ndani, karibu na kiti cha nyuma, ikainua zulia kama panya. Mwenye gari akasema hilo ni jambo dogo la kuchomelea. Ameshuka mpaka laki tatu na tisini.

Fundi asema kwa laki tatu, pamoja na kuchomelea, injini yafaa. Mke wangu, aliyekataa gari miezi sita nzima, alikaa kimya muda wote. Tulipokuwa twaondoka ndipo akauliza kama kiyoyozi chafanya kazi.

Mama wa mahamri, Likoni

Na chafanya?

Mwenye swali, Kisauni

Chafanya.