Majarida ya kitapeli yanatukamua, na kamati zetu zinayapa pointi

Wakuu, habari za jioni. Huu ni uzi wa hasira, tusidanganyane. Mods msiuunganishe na ule wa vyeti feki, hili ni balaa jingine.

Dodoma hii utafiti haukosi: zabibu Makutupora, mtama na uwele Hombolo, malisho Kongwa, mifugo Mpwapwa. Watu wanapima mizabibu juani, mavuno mawili kwa mwaka, halafu makala yenyewe inaishia kwenye jarida ambalo halisomwi na yeyote, na mtu amelilipia kwa dola.

Tuanze na matapeli. Barua pepe inafungua na "Mheshimiwa Profesa" wakati anayeandikiwa ni mhadhiri msaidizi wa juzi. Jina la jarida ni refu kama behewa za mizigo reli ya kati: la Kimataifa, la Utafiti wa Juu, wa Sayansi, Uhandisi, Kilimo na Uongozi. Wanaahidi majibu ndani ya saa 72. Nani atahakiki jaribio la misimu miwili kwa saa 72? Hakuna anayehakiki. Inarudi "imekubaliwa" na ankara imeambatanishwa. Ukishtuka ukataka kuitoa, wanadai ada ya kuondoa makala. Usipolipa wanaichapisha hivyo hivyo. Hapo umekwama, maana jarida la maana halipokei kilichokwisha kutoka kwingine.

Utetezi unaotolewa siku zote ni "lakini lina ISSN", ile namba ya utambulisho ya jarida. Jamani! ISSN ni kama namba ya gari, haikuambii kama breki zinashika. DOI, namba ya utambulisho ya makala, vilevile: mchapishaji aliyejiunga na kulipia anazitoa hata kwa takataka. Na ile impakti fakta wanayoibandika ukurasa wa mbele? Ya kweli inatolewa na kampuni ya Clarivate: hesabu mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyotangulia zimerejewa na waandishi wengine ndani ya mwaka mmoja, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Jarida lililoanza mwaka huu haliwezi kuwa nayo, hata cha kugawanya hakijapatikana.

Jina kubwa nalo si kinga. Wachapishaji wakubwa Wiley waliinunua kampuni ya majarida ya Hindawi mwaka 2021 kwa dola milioni 298. Mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 za Hindawi zikafutwa, kwa sababu viwanda vya makala, yaani wanaotengeneza makala feki na kuziuza, vilipenya kupitia matoleo maalumu yaliyoachiwa wahariri waalikwa. Jina lenyewe likazikwa. Na mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon, akiandikia jarida la Science, alituma makala ya kubuni yenye makosa ya wazi kwa majarida 304, 157 yakaipokea. Mengine yalikuwa ndani ya DOAJ, orodha ya majarida ya wazi (yanayosomwa bure mtandaoni), ndiyo maana DOAJ ikakaza masharti na kuyataka majarida yaombe upya kuingia. Kwa hiyo orodha ni mahali pa kuanzia, bado macho yanahitajika: fungua makala tatu za jarida hilo uzisome, kisha mtafute mhariri mkuu kwenye tovuti ya chuo anachodai kufundisha. Wengine hawajui hata kama majina yao yametumika.

Sasa tuje nyumbani, maana tapeli hawezi kuishi bila mteja. Mwanafunzi wa uzamivu hahitimu bila makala, mhadhiri hapandi cheo bila pointi, na kamati inahesabu vichwa kama mtu anayehesabu mbuzi zizini bila kuwafungua midomo aone meno. Jaribio moja linakatwa vipande vinne ili lizae pointi nne. Tamko la San Francisco la kutowapima watafiti kwa impakti fakta ya jarida lipo tangu 2012, lakini huku hata kwenye hiyo namba hatujafika, bado tunahesabu vichwa.

La ada linanikera zaidi kwa sababu dawa yake ni ya bure. Baadhi ya majarida halali ya wazi yanamtoza mwandishi dola 2,000 na kuendelea, yaani kama milioni 5 za Kitanzania, na watu wanachangishana! Msamaha wa ada upo, ila una mitego. Wachapishaji wengine wanafuata orodha ya Research4Life, mpango wa kuzifungulia nchi za kipato cha chini majarida, ambako Tanzania ipo Kundi A na ada inaweza kufutwa yote. Wengine wanafuata Benki ya Dunia, ambayo Julai 2020 ilitupandisha kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, na kwa hao mara nyingi unabaki na punguzo la nusu. Soma ukurasa wa ada kabla ya kutuma. Omba siku ile ile unapotuma. Wengi hawasikilizi maombi baada ya makala kukubaliwa. Mwandishi wa mawasiliano awe wa hapa, kwa barua pepe ya taasisi. Mkimweka yule mshirika wa London kwa heshima, mfumo unasoma Uingereza na ankara inakuja nzima.

Jarida mseto, lile ambalo wasomaji wanalinunua lakini lina dirisha la mwandishi kulipia makala yake iwe wazi, kwa kawaida halina msamaha. Usilipe. Chagua njia ya kawaida isiyo na ada, kisha angalia Open Policy Finder (zamani Sherpa Romeo), tovuti ya sera za majarida, uone lini unaruhusiwa kuweka nakala iliyokubaliwa kwenye hazina ya chuo.

Na hiyo Research4Life inafungua maelfu ya majarida ya kusoma bure, mradi taasisi ijisajili. Kuna sehemu nywila iko kwenye droo ya mkutubi mmoja, akienda likizo maktaba nzima inakuwa gizani. Afisa ugani ataisoma lini hiyo makala ya zabibu?

Mliopo kwenye kamati za vyeo, najua mnapita humu. Tunawasubiri mtuambie kwa nini dakika mbili za kubandika ISSN kwenye DOAJ na kwenye Scopus, hifadhidata ya majarida, zinawashinda.