Tumetangaza uzinduzi wa "bwawa la samaki" kwenye shimo la barabara, sasa mama wa vitumbua kaleta hela. Tuendelee au tuache?

Fundi_Brashi:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hata matusi nitapokea.

Mtaani kwetu hapa Dar kuna shimo katikati ya barabara. Mvua ikinyesha linakuwa dimbwi la kuzamisha bajaji. Tumelalamika mpaka tumechoka. Tuko vijana wanne, mimi kazi yangu kuchora mabango ya saluni na magenge, tukasema ngoja tuwachekeshe watu, labda wahusika wataona aibu: tufanye uzinduzi wa "Bwawa la Samaki la Mtaa". Utepe, mkasi juu ya sinia, MC, mshikaji mmoja ndani ya suti ya Kaunda inayompwaya, na kambale wawili kwenye ndoo.

Tulipokosea ni kutanguliza tangazo. Nilichapa karatasi, nikachonga muhuri kwenye soli ya ndala, nikaugonga kwa wino wa bluu, ukatoka safi kuliko wa ofisini. Tukaandika wanaotaka vizimba vya kufugia wajiandikishe. Nilijua kila mtu atacheka. Jana asubuhi mama mmoja anayeuza vitumbua kanifuata na kivuli cha kitambulisho chake, na elfu mbili ameifunga kwenye pindo la kanga. "Mwanangu, niandikie kizimba kimoja, hata cha pembeni." Nilishindwa kumwambia. Hela ninayo mfukoni mpaka sasa hivi.

Kidagaa:
Mkuu, hao kambale wakishapigwa picha wanaenda wapi? Nipe lokesheni.

Wakili_wa_Kijiweni:
Bandueni matangazo yote leo, na muhuri huo uuharibu. Kughushi muhuri wa ofisi ni jinai, hakimu hana muda wa kukuuliza kama ulikuwa unatania. Na kama mlikuwa na mpango wa kulirusha mtandaoni, someni kwanza kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuhusu taarifa za uongo zenye nia ya kupotosha umma: faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Ndala tu hiyo, mkuu.

Mama_Ubuyu:
Sheria baadaye. Rudisha elfu mbili ya watu! Unajua ni vitumbua vingapi hivyo?

Msomaji_wa_Usiku:
Hii imenikumbusha Bhopal. Desemba 1984 gesi ya sumu ilivuja kwenye kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide kule India, ikaua maelfu ya watu. Baadaye Union Carbide ikanunuliwa na Dow Chemical. Miaka 20 baadaye, tarehe 3 Desemba 2004, BBC ikamweka hewani bwana mmoja aliyejiita Jude Finisterra, msemaji wa Dow. Akasema kampuni inakubali kuwajibika na itatoa dola bilioni 12 kwa waathirika na kusafisha eneo. Kumbe si msemaji wa Dow wala wa nani. Ni mmoja wa Yes Men, jamaa wa Marekani ambao sanaa yao ni kujifanya mabosi. Hisa za Dow zikaporomoka Frankfurt, na kampuni ikabidi itoke hadharani kusema kwa kinywa chake kwamba hailipi kitu. Mimi naona pale ndipo kazi yao ilipokamilika, Dow ilipokanusha.

Ila kule Bhopal kuna watu walilia kwa furaha, halafu wakaambiwa wafute machozi, ilikuwa igizo. Huyo mama wa vitumbua ndiye Bhopal yenu.

Mbongo_Kampala:
Niko Kampala. Aprili 2023 mchora katuni mmoja maarufu, Jimmy Spire Ssentongo, ambaye pia ni mhadhiri, alitangaza "maonyesho" ya mashimo ya mji huu kupitia Twitter. Watu wakamwaga picha, kila mmoja na shimo la mtaani kwake, wengine wanalinadi kama mchoro wa bei mbaya. Hakudanganywa mtu, shimo lilikuwa shimo kweli. Ndani ya siku chache Museveni akaagiza itolewe shilingi bilioni 6 za kuziba. Sisemi yamekwisha, juzi tu nimepasua tairi.

Mngoni_wa_Songea:
Watoto wa mjini mmesahau utani. Kwenye msiba wa babu yangu alikuja mtani wetu Mhehe, akavaa koti la marehemu, akachechemea vilevile kama babu, akaanza kudai hela ya pombe ambayo babu kweli hakuilipa. Watu wamekaa matangani wanacheka na kulia. Nani angemkasirikia? Alipoingia tu uani kila mtu alijua huyu mtani. Nyie mtani mlimficha nyuma ya muhuri.

Msomaji_wa_Usiku:
Naongezea kidogo. 1910 Waingereza sita waliingia kwenye Dreadnought, manowari ya Uingereza yenyewe, wanne wamejipaka rangi nyeusi na kubandika ndevu, wakijifanya wana wa kifalme wa Uhabeshi. Mmoja ni Virginia Woolf, yule mwandishi wa riwaya, kabla hajaolewa. Mkalimani wao alinunua kitabu cha sarufi ya Kiswahili akijaribu kujifunza ndani ya treni! Wanamaji waliwapokea kwa heshima zote, na aibu yao nikiisoma nacheka. Halafu natazama ile picha waliyopiga na kicheko kinakata, maana kwenye zile rangi nachekwa mimi.

Fundi_Brashi:
Wakuu nimesoma zote. Ndala nimechoma, nyumba nzima inanuka mpira. Tangazo jipya nimelichora kwa mkono: kambale kavaa kofia ya mkandarasi, chini majina yetu wanne.

Leo asubuhi nimempelekea mama hela yake na kumweleza ukweli. Alikaa kimya, akaendelea kugeuza vitumbua kimoja kimoja kwa spoki ya baiskeli. Mwisho akaniuliza, "Kwa hiyo bwawa hakuna?" Nikamwambia hakuna mama, ni lile shimo tu.

"Shimo nalijua, mjukuu wangu alitumbukia humo. Huo mkasi wenu anashika nani?"