Ukilipa bei ya mwenyeji Mnemba, jiandae kunywa maji ya chumvi

Wakuu, nimerudi Dar jana usiku. Mgongo umebabuka, sikio la kushoto bado lina maji, na nina hasira. Naandika sasa hivi kabla sijapoa, maana nikipoa nitasema "ah, basi tu" kama tunavyosema siku zote, na hao jamaa wa boti za watalii wataendelea.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kike na rafiki yetu wa Morogoro. Mabegi mgongoni, boti ya asubuhi kwenda Unguja, kisha daladala namba 118 mpaka Matemwe tukiwa tumebanwa na magunia ya mchele. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa ya kawaida, chandarua kina tundu, bafu la pamoja, sina neno. Na Matemwe penyewe sina neno kabisa. Maji yakitoka, kina mama wanakwenda kwenye mwani wao, watoto wanacheza mpira pale pale ambapo asubuhi palikuwa bahari, jioni unakula pweza wa nazi na wali kwa mama mmoja anayekuita mwanangu. Siku mbili nzima hatukufanya kitu. Ndicho tulichokifuata.

Siku ya tatu tukataka kwenda snokeli Mnemba, yaani kuogelea na miwani na mrija ukitazama samaki. Kwa asiyepajua: kisiwa chenyewe hukanyagi, kimekodishwa hoteli ya watu wenye pesa zao. Mnaishia majini, kwenye matumbawe yanayokizunguka, na ni eneo la hifadhi ya bahari tangu 2002. Akaja papasi mmoja ufukweni, yaani dalali wa watalii, kijana mchangamfu, maneno kama asali. Wageni dola 40. "Nyinyi wenyeji, kaka, elfu 50 kila mtu, vifaa vyote ndani, na chakula." Nikamuuliza mara mbili: vifaa vyote? Vyote, kaka. Tukampa 150,000 yetu.

Kuondoka tuliambiwa saa mbili kamili. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, yaani siku za maji kujaa na kutoka sana, na mtu yeyote wa upande ule anajua siku kama hiyo ikifika saa nne asubuhi bahari imeshakimbia. Lakini walikuwa wanawasubiri wageni wanane wa hotelini, basi tukaanza kutembea saa tatu na nusu, maji ya magotini, karibu nusu saa mpaka boti ilipo. Wageni walikuwa wameletewa viatu vya mpira. Sisi tuna ndala. Mdogo wangu akakanyaga mmoja wa wale viumbe weusi wa baharini wa miiba mirefu, na nadhani kelele zake zilisikika Nungwi.

Sasa sikilizeni. Ndani ya boti kulikuwa na begi na ndoo. Kwenye begi: miwani mipya inayong'aa, mirija, mapezi ya kila saizi. Kwenye ndoo: miwani ambayo mpira wake umekauka kama ngozi ya ngoma, mikanda imeungwa kwa kipande cha nailoni, mrija mmoja una alama za meno ya mtu nisiyemjua. Begi likapita kwa wageni. Ndoo ikaletwa kwetu.

Nikanyamaza. Nikasema tutavumilia. Yakafika majaketi okozi, manane, wageni nao wanane. Nikauliza yetu yako wapi. Nahodha akacheka kabisa: "Yakhe, nyinyi si watu wa pwani? Hizo za wageni." Watu wa pwani! Rafiki yangu bahari aliiona mara ya kwanza mwaka juzi, Coco Beach, akiwa na mahindi ya kuchoma mkononi.

Tulipofika, boti zilikuwa nyingi mpaka nikaacha kuhesabu kwenye ishirini. Nyingine zinawafukuza pomboo huku na huku kama polisi na bodaboda. Baharia wetu akatupa nanga juu ya matumbawe. Sikusimuliwa, nililiona tawi linakatika. Yale ya matawi yakikua sana ni sentimita kama kumi kwa mwaka, ya mviringo hata sentimita moja ni kazi, na joto la 1998 lilishaua mengi sana kwenye mwambao wetu. Sasa yaliyopona yanapigwa nanga na watu wanaokula kwa ajili yake. Hili ni uzi mwingine, nitaufungua nikipata nguvu.

Majini ile miwani ilidumu dakika mbili. Unachungulia samaki wa njano, maji yanafika kwenye pua, unapanda juu, unamwaga, unarudi. Ilipokaribia saa sita maji yakaanza kujaa na mkondo ukaamka. Mimi naogelea, nilihisi navutwa. Nikageuka kumtafuta mwenzetu: yuko mita kama thelathini, kichwa kinazama na kuibuka, kavua miwani, anapiga maji kwa mikono yote miwili. Nikapiga kelele. Baharia wetu alikuwa anawapiga picha wageni na kiti cha pweza (yule kiumbe mwenye umbo la nyota) walichokitoa majini. Aliyemfikia rafiki yangu ni mzee wa boti nyingine kabisa, alimrushia boya lake, akamvuta, na hakutaka hata soda.

Nilipomvaa nahodha, jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: "Si mmelipa bei ndogo?"

Wakuu, Mikumi tunalipa kwa shilingi, wageni wanalipa kwa dola, na simba ni yule yule. Hakuna askari anayekwambia wewe mwenyeji utazame mkia tu. Kama elfu 50 haitoshi jaketi, sema elfu 70, nitachagua kulipa au kulala. Lakini huwezi kunipunguzia bei halafu ukanikatia kwenye pumzi. Nchi hii imezika watu wa meli ya Spice Islander iliyozama 2011, ikazika wa Skagit 2012, na bado mtu anagawa majaketi kwa kutazama rangi ya paspoti!

Nikaomba stakabadhi ya ada ya hifadhi. Akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Hata nanasi lilianza kwa wageni, sisi tukapata vile vipande vya katikati.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameandika kwamba nawachafua Wazanzibari. Mkuu, aliyemwokoa rafiki yangu ni Mzanzibari. Mama wa pweza aliyempaka mdogo wangu utomvu wa papai kwenye kisigino mpaka miiba ikalegea ni Mzanzibari. Namlalamikia mwenye boti.

Na anayeuliza kwa nini hatukukagua vifaa nchi kavu: una haki, tulizubaa. Weka miwani usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikidondoka, rudisha. Na yahesabu majaketi kabla hujatoa hela.

Namba ya yule kijana tangu jana haipatikani. Mwenye kumjua nahodha wa Matemwe au Muyuni mwenye jaketi kwa kila kichwa aje PM. Tunataka kurudi mwezi wa kumi, bahari ikitulia. Rafiki yangu anasema haji, ila nimemwona anaulizia bei ya miwani Kariakoo.