Tupeane uzoefu: meneja mradi aliyeiinua timu yenu, au aliyeivunja

Kamba Ndefu: Leo kuna mtu kaambiwa kikaoni "mimi usiniletee matatizo, niletee majibu", nikakumbuka mbali sana. Mameneja mradi wenu walikuwaje? Mwageni hapa.

Koda wa Usiku: Kauli hiyo ndiyo inayowafundisha watu kuficha.

Mama Data: Ngoja niseme maana bado inaniuma. Tulikuwa tunahamisha data za mteja kwenda mfumo mpya, kuna binti ndo alikuwa anafanya majaribio, kila wiki anasema jamani rekodi zinajirudia, salio haziwiani, ripoti anaiandika nyekundu yaani kuna hatari, meneja anaipeleka juu ikiwa ya njano, baadaye ya kijani kabisa kana kwamba mambo shwari, ukimuuliza anasema mteja asishtuliwe. Siku ya kuwasha mfumo haukufika hata mchana. Mteja akaja na mabosi zake, meneja akamnyooshea binti kidole mbele ya wote, "huyu ndiye alikuwa anapima". Binti kanyamaza, na barua pepe zote anazo! Kesho yake kaacha kazi, wazoefu wakamfuata mmoja mmoja.

Zege Bichi: Dah.

Mtetezi: Tuwe wa haki lakini. Meneja naye anabanwa na walio juu, tarehe kapewa hakuichagua.

Koda wa Usiku: Kubanwa siyo ruhusa ya kudanganya. Challenger, chombo cha anga cha Marekani, mwaka 1986, usiku wa kuamkia kuruka wahandisi walisema baridi hii mipira ya kuziba viungo vya roketi haitafanya kazi, bosi wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Asubuhi watu 7 wakafa.

Mtetezi: Sasa roketi na mfumo wa salio wapi na wapi?

Koda wa Usiku: Woga ni ule ule ndugu yangu.

Zege Bichi: Wangu alikuwa anaongeza watu tu kila tukichelewa. Fred Brooks, aliyesimamia miradi ya programu akaiandikia kitabu, kasema tangu 1975, mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu unazidi kuchelewa. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana, wakiwa 10 zinakuwa 45, na wageni wote wanafundishwa na nani? Na sisi tuliochelewa.

Kamba Ndefu: Wangu wa sasa kikao anakifungua kwa "nini kinatutisha wiki hii?" na anaanza kusema yeye. Ukitoa habari mbaya anakushukuru. Tunachelewa, ila tunajua mapema, tunapunguza kazi za mradi, tunamwambia mteja.

Nyundo: Dawa ni kuhama tu.

Mtetezi: Hapana, baki, andika kila kitu.

Zege Bichi: Mama Data usituache hewani, zile barua pepe ziliishia wapi?

Mama Data: Nilimuomba ruhusa binti nikazipeleka kwa mteja mwenyewe. Mteja akataka meneja abadilishwe na binti arudishwe. Meneja kabadilishwa. Binti kakataa kurudi.