Kutunza manyoya na kucha za mbwa mzee nyumbani: nianzie wapi?

Mama Neema, Arusha

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nina mbwa jike wa aina ya Japanese Spitz mwenye umri wa miaka 13. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimpeleka kwa fundi wa mjini kuogeshwa na kuchanwa, lakini siku hizi miguu yake ya nyuma imelegea, jicho moja limeingia mtoto wa jicho, na akisimamishwa juu ya meza hutetemeka muda wote, kwa hiyo nimeamua kujifunza kazi hiyo mwenyewe. Kinachonisumbua zaidi ni manyoya ya nyuma ya masikio na ya mapajani, ambayo yamejisokota na kuwa vifundo vigumu vilivyoshikana na ngozi. Nilipojaribu kuvichana alinigeukia kutaka kuniuma, jambo ambalo halikuwa tabia yake kabisa. Kucha nazo zimerefuka hadi zinagonga marumaru anapotembea, na kwa kuwa ni nyeusi sioni mshipa wa damu unaishia wapi. Jirani ananishauri nimnyoe mwili mzima kwa mashine. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Kinyozi wa Mbwa, Nairobi

Mama Neema, pole kwa kazi. Ushauri wa jirani usiufuate. Spitz ana tabaka mbili za manyoya, marefu ya juu na laini ya chini, nazo humkinga na baridi na jua pia. Ukizinyoa hadi karibu na ngozi, kwa mbwa wa umri huo huenda zisiote tena ipasavyo, na akabaki na mabaka. Mashine uitumie kwenye vifundo pekee.

Mkasi uuweke mbali kabisa. Fundo huivuta ngozi ikainuka na kuingia ndani yake, na kwa kuwa ngozi ya mbwa mzee ni nyembamba, unaweza kuikata ukidhani unakata manyoya. Fundo dogo linyunyizie unga wa wanga wa mahindi, ulifikiche kwa vidole, kisha ulichambue kidogo kidogo kuanzia nchani, huku mkono wako mwingine ukiwa umeshika manyoya karibu na ngozi ili mvuto usimfikie. Fundo gumu lipitishie chini yake mashine yenye wembe wa namba 10, nawe uguse wembe mara kwa mara kwa ngozi ya mkono wako, maana chuma hupata moto upesi kuliko unavyotarajia. Yote haya yafanyike kabla ya kuogesha, kwa sababu fundo likilowa hukaza zaidi.

Meza uisahau. Mlaze ubavu juu ya godoro dogo au zulia la mpira lisiloteleza. Unapotaka mguu, usiuvute kwenda pembeni, bali uuinue kidogo tu ukiwa umekunjwa chini ya mwili wake, kwa sababu nyonga ndiyo inayouma. Na usijaribu kumaliza kila kitu kwa siku moja: leo masikio, kesho pajani, akichoka unaacha hata kama upande mmoja umependeza na mwingine bado. Mbwa mzee mwenye mwonekano wa ajabu kwa wiki nzima hapungukiwi kitu.

Kuhusu kucha nyeusi, kata vipande vyembamba sana huku ukiutazama uso wa kucha uliokatwa. Mwanzoni utaona pakavu na peupe. Pakitokea kitone cheusi chenye unyevu katikati, simama hapo hapo. Kucha zilizoachwa muda mrefu huwa na mshipa uliorefuka pamoja nazo, lakini ukipunguza kidogo kila wiki, mshipa hurudi nyuma taratibu. Ukucha wa kidole cha juu, kile kisichogusa ardhi, usiusahau, kwani hujikunja ukaingia kwenye nyama. Punguza pia manyoya yaliyo kati ya vifuko vya nyayo. Marumaru yenu yatakuwa hayamtelezeshi sana.

Kijana wa Tanga

Shikamoo mama. Naongezea tu kwamba kunyoa si kosa kwa kila mbwa. Mbwa kama Maltese, asiye na tabaka la chini, akipunguzwa manyoya yakawa mafupi hupumzika, na mwenye kumtunza hupumzika pia. Kwa Spitz nakubaliana na fundi.

Daktari wa Mifugo

Mbwa mpole anayeanza kuuma akiguswa, kwa kawaida ana maumivu. Kabla ya kununua brashi yoyote, mpeleke apimwe viungo, meno na masikio, kwa kuwa zipo dawa za maumivu zinazofaa mbwa wa umri huo. Tafadhali usimpe ibuprofen, diclofenac wala paracetamol za nyumbani, kwani zinaweza kumdhuru vibaya.

Wakati wa kuchana, pitisha vidole mwili mzima ukitafuta uvimbe na vijipele, ili wembe usije ukavikata. Sehemu ya chini ya mkia iwe safi na kavu daima, hasa akiwa anashindwa kuchuchumaa vizuri, maana nzi hutaga kwenye manyoya machafu na funza huingia kwenye ngozi. Tumia shampuu ya mbwa na maji ya uvuguvugu, kisha umkaushe hadi tabaka la chini. Katika baridi ya Juni na Julai huko Arusha, ni afadhali kumfuta kwa kitambaa chenye unyevu kuliko kumwogesha.

Mama Neema, Arusha

Nawashukuru sana. Kwa kupe, je, nitumie dawa ya josho ya ng'ombe niliyo nayo, kwa kuichanganya na maji mengi?

Daktari wa Mifugo

Hapana. Nyingi kati ya hizo zina amitraz kwa kiwango kikubwa, ambayo humlegeza mbwa, hupunguza mapigo ya moyo na kupandisha sukari ya damu, na mzee huathirika zaidi. Siku ya kumpima, apimwe na uzito, upewe dawa ya kupe inayolingana nao. Kama kuna paka nyumbani, mweleze daktari wako, kwa sababu dawa za mbwa zenye permethrin zinaweza kumuua paka.