Tupeane uzoefu: Siku umeshindwa na watoto, ni mwanamke gani wa Biblia unayemkimbilia?

Mama wa Lanet (mwanzilishi)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Kila Mei Siku ya Akina Mama ikifika, kanisani tunasomewa Mithali 31. Mke mwema anaamka kabla ya alfajiri, taa yake haizimiki usiku, watoto wanasimama kumwita heri. Nami nimekaa kwenye benchi na sare ya akina mama, nikikumbuka vile asubuhi hiyo nimefoka kuhusu soksi hadi mdogo wangu akapanda matatu akilia.

Siku hizi sura hiyo naianza kwa mstari wa 1, ambao kwetu huwa unarukwa. Ni mausia ambayo mama alimpa mwanawe, mfalme Lemueli. Yaani mama mkwe mtarajiwa anatoa orodha! Halafu mstari wa 15 unataja wajakazi. Huyo dada alikuwa na wasaidizi, tena kwa wingi. Mimi niko na karai na sabuni ya kipande.

Basi mke mwema tumpe likizo. Niambieni ni nani mwenye makosa, au aliyedharauliwa, ambaye amewahi kukusaidia. Sharti ni moja tu: msituhubirie. Semeni ilivyokuwa.

Wangu ni Sara. Simtaki yule wa Waebrania 11 mwenye imani. Namtaka yule wa Mwanzo 18, nyuma ya mlango wa hema, anayecheka kusikia atazaa uzeeni. Akiulizwa, anakana: sikucheka. Mungu anamjibu tu kwamba hapana, umecheka, na habari inaendelea. Hakunyimwa Isaka kwa sababu ya ule uongo.

Binti yangu aliniambia anataka kuwa rubani. Nikacheka. "Mama, unanicheka?" "Aa, sijacheka." Alinikazia macho hadi nikaona hema lote la Mamre. Baadaye nilimwambia ukweli, kwamba nilichokicheka ni karo. Alinielewa kuliko nilivyotarajia.

Nyar Dunga, Kisumu

Asifiwe sana. Wangu ni Hajiri, na najua kosa si lake, yeye ndiye alifukuzwa. Ila kuna kitu alifanya ambacho watu hukipita haraka.

Kijana wangu ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wanaoijua wanajua yale maumivu yakianza usiku. Siku moja wodini nilishindwa. Alikuwa analia "mama mifupa", nami nikatoka nje nikasimama kwenye bomba la maji, nikaziba masikio. Mama wa kitanda cha jirani ndiye alimshika mkono. Niliporudi, kuna aliyesema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna wanawake wanazaa bure.

Soma Mwanzo 21. Maji yameisha kwenye kiriba, Hajiri anamlaza kijana chini ya kichaka, anaenda kukaa mbali kama mtupo wa mshale, kwa sababu hataki kumwona akifa. Nilisoma hapo nikalia hadi nikaloa. Kumbe hata yeye aliondoka! Na malaika hamuulizi kwa nini umemwacha mtoto. Anamuuliza una nini, Hajiri, usiogope. Halafu anamwambia ainuke, amwinue kijana, amshike mkononi. Ndipo anaoneshwa kisima.

Mimi sikusikia kwamba kutoka nje kulikuwa sawa. Nilisikia nirudi. Ni tofauti kubwa, na nikiwa nimechoka huwa najikumbusha hiyo tofauti.

Kwa wenye watoto kama wangu: maji, maji, maji, hasa kwa joto hili letu la ziwani, maana mwili ukikauka maumivu hayako mbali. Vidonge vya foliki visikatizwe, baridi ya usiku msiidharau, na homa yoyote ni hospitali, msingoje asubuhi.

Mama Mapacha, Kondele

Nyar Dunga, pole sana mamangu. Huyo aliyesema kuzaa bure Mungu amsamehe, mimi bado sijafika hapo.

Wangu ni Maria. Nilipoteza pacha mmoja Kibuye siku ya Jumapili, mnajua vile soko hujaa. Nilidhani yuko na shangazi yake, shangazi alidhani yuko na mimi. Tulimpata kwa mama wa viatu vya mitumba, amekaa kwenye gunia anakula mandazi, hana habari. Mume wangu aliniuliza mama gani hupoteza mtoto. Nikamfungulia Luka 2: walitembea mwendo wa siku nzima bila kujua kijana hayuko, wakimdhani yumo katika msafara, na walimpata baada ya siku tatu. Tatu! Mimi nilikuwa na wangu kabla jua halijashuka.

Mkatoliki wa Milimani

Dada, kwa heshima, Mama Maria hawezi kuwekwa kwenye orodha ya wenye makosa. Kwetu hiyo haipiti.

Mama Mapacha, Kondele

Dada yangu, sijasema alitenda dhambi. Nimesema mtoto alipotea. Hata mtu asiye na doa anaweza kudhani mtoto yuko na shangazi.

Mkatoliki wa Milimani

Haya, hapo nimekuelewa. Na Yusufu pia alikuwepo, mbona hakuna anayemuuliza baba gani hupoteza mtoto?

Kukhu wa Webuye

Wanangu, mimi ni mzee kuwapita. Mjukuu ndiye anaandika ninayosema.

Wangu ni Rebeka, na yeye alinichoma kabla ya kunisaidia. Nilikuwa na wavulana wawili. Mkubwa alikuwa wa baba yake, mnyamavu, mtu wa ng'ombe na shamba. Kitinda mimba alikuwa wangu. Sukari ilipoanza kumpofusha mzee, hesabu za boma zikaja mikononi mwangu. Kitinda mimba hakukosa haja: leo ada ya chuo, kesho pikipiki ya bodaboda. Mwishowe nilimuuza mtamba ambaye mzee alikuwa amempa mkubwa, nikasema amekufa kwa ugonjwa wa kupe. Mzee hangeweza kuona zizi. Aliamini.

Someni Mwanzo 27 polepole. Isaka macho yamefifia. Rebeka anapika mwana-mbuzi, anamvika Yakobo ngozi za mbuzi mikononi na shingoni ili achukue baraka ya Esau kakake, na kijana akiogopa kulaaniwa, mama anamwambia laana yako iwe juu yangu. Hayo maneno niliyasema mimi, kwa Kibukusu, jikoni kwangu, bila kujua nimeyatoa wapi.

Mkubwa alikuja kusikia habari za mtamba wake soko la Chwele, kutoka kwa aliyemnunua. Sitasimulia usiku huo. Kitinda mimba nilimtorosha Nakuru, nikamwambia akae kidogo, kakake apoe. Rebeka naye alisema siku chache. Yakobo alikaa kwa mjomba wake Labani miaka 20, na hakuna mahali Biblia inaposema mama yake alimwona tena. Inataja tu kwamba alizikwa Makpela.

Mama wa Lanet

Kukhu, pole sana. Niruhusu niulize kama mtoto wako: hapo msaada uko wapi? Mbona naona hukumu tupu?

Kukhu wa Webuye

Umeuliza vizuri. Hata mimi nilikaa na hukumu hiyo muda mrefu. Kisha mjukuu akanisomea Mwanzo 33. Esau anakimbia kumlaki ndugu yake, anamkumbatia, wanalia pamoja. Nikamwambia rudia. Rebeka hayupo. Hakuwapangia mkutano, hakutuma mtu, hakupika chochote. Wanawe wamepatana na yeye hana mkono ndani yake.

Mimi nilikuwa nafikiri ni lazima niwapatanishe kabla sijafa. Nilikuwa na mipango mingi, nani aje lini, nani aambiwe nini na nani afichwe. Nimeiacha. Mara ya mwisho nilipopanga mambo ya hao wawili, mliona. Kwa mkubwa nilitubu kwa mdomo wangu, nikamrudishia ng'ombe kutoka pesa za kikundi, kidogo kidogo. Yeye ndiye ananilisha leo. Desemba iliyopita alimpigia mdogo wake simu. Hakuniambia walizungumza nini na mimi sikuuliza. Kwangu kutouliza ni kazi, mnisifu.

Mama Mapacha, Kondele

Tunakusifu Kukhu!!!

Mama wa Section 58, Nakuru

Wangu wa haraka: mama wa wana wa Zebedayo, Mathayo 20, aliyeenda kuombea wanawe viti, mmoja kulia mwingine kushoto. Mimi nilikaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu nikitaka kijana apate shule ya kitaifa kwa alama ambazo hazikuwa za kitaifa. Kijana aliona aibu kuliko mimi. Lakini sura ya 27, pale msalabani, wale wengine wamekimbia, huyo mama yupo. Watu humkumbuka kwa viti tu.

Mama Neema wa Njoro

Mimi ni Bathsheba. Mzinzi, lakini akamzaa Sulemani. Nilizaa nikiwa bado shuleni, kwa hivyo namwelewa.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Kakamega

Dada wa Njoro, hapo nakukatiza kwa upendo. Soma tena 2 Samweli 11. Mfalme alimwona kutoka darini, mfalme akatuma watu wamlete. Wajumbe wa mfalme wako mlangoni na mume yuko vitani, ungesema nini? Nabii Nathani alipokuja na mfano wake, alimfanya Bathsheba mwana-kondoo wa maskini aliyeporwa, na kidole akamwelekezea Daudi. Mathayo naye, kwenye ukoo wa Yesu, anamwita mke wa Uria. Ni kama hataki tusahau aliyedhulumiwa. Kwa hivyo nikuulize: huyo uliyezaa naye alikuwa mwanafunzi kama wewe?

Mama Neema wa Njoro

Hapana. Alikuwa mtu mzima mwenye cheo. Mimi ndiye nilitolewa kwaya. Yeye aliendelea kusoma matangazo.

Sijawahi kuiandika hiyo mahali popote. Asante mwalimu, wacha nikasome.

Mama wa Kimilili

Nimesoma zote kimya, nimeona niandike. Mke wa Ayubu. Anaongea mstari mmoja tu katika kitabu kizima cha sura 42: mkufuru Mungu, ufe. Wahubiri humcheka. Lakini wale watoto kumi walikuwa wake pia. Aliwabeba yeye.

Tulipomzika binti yangu nilisema maneno kaburini, mabaya. Mzee wa kanisa akanikemea mbele ya watu, nikaacha kwenda. Baadaye niligundua kitu. Ayubu alimwambia mkewe anaongea kama mpumbavu, ni kweli. Lakini Mungu alipokuja kukasirika mwishoni, sura ya 42, aliwakasirikia Elifazi na rafiki zake wawili, wale waliokuwa wanaeleza mambo vizuri. Mama hakuguswa. Tena wakapata watoto wengine kumi, na sioni Biblia ikitaja mke mwingine.

Bado sijarudi kanisani. Lakini naomba.

Kukhu wa Webuye

Mwanangu wa Kimilili, wiki ijayo nina safari ya huko. Nitumie ujumbe pembeni uniambie ni upande gani, nije tukae. Sitakuja na mzee wa kanisa.